Kumfuata Bi Harusi Akheri, Mvua Ikinyesha

Kwa kuwa habari zimeshafika Machame kabla yangu, tena zimefika zikiwa zimenenepa njiani, naona heri niandike mwenyewe. Si kweli kwamba nimerukwa na akili. Si kweli kwamba siku hizi nafunga na kuomba mlimani. Wala si kweli, dada yangu Ndeshi, kwamba nilikwenda kutafuta mke wa pili Umeruni. Mke ninaye, na ndiye aliyenifungia chapati za safari. Nilikwenda Akheri, huko mteremkoni mwa mlima Meru, katikati ya masika, kumtazama ndege. Ndege mmoja. Nikisema hivyo watu huniuliza kama alikuwa mtamu.

Aliyenipeleka ni Kirit. Wengi wenu mnamfahamu kwa mabati yaliyo juu ya vichwa vyenu, maana mliyanunua dukani kwake Arusha mjini. Mimi nimeshona nguo kwenye baraza la duka lile miaka thelathini na moja. Yeye akiuza misumari ndani, mimi nikikanyaga cherehani nje, tukitaniana kupitia dirishani. Amezaliwa Arusha, na baba yake aliuza misumari Arusha. Na kila Jumapili akishafunga duka saa sita, Kirit huvaa darubini shingoni na kwenda kutazama ndege. Akimwona ndege ambaye hajawahi kumwona, humwandika kwenye daftari analolitunza ndani ya kopo la samli lisiingie maji. Ana sheria moja ngumu kuliko za kanisani kwetu: ndege aliyesikika tu haandikwi. Lazima umwone kwa macho yako, tena vizuri.

Sasa mke wake alifariki mwaka juzi, watoto wako Uingereza, na binti yake amekazana kwamba baba hawezi kukaa peke yake na redio. Duka limeshauzwa, na nyumba ina mnunuzi. Tiketi imeshakatwa, mwezi wa tano anaondoka. Siku aliponiambia nilikuwa napinda suruali ya mteja, nikaipinda fupi kupita kiasi, na mteja yule hanisalimii mpaka leo.

"Fundi," akaniambia, "nimebakiwa na ndege mmoja tu wa milima hii. Miaka arobaini namsikia, sijamwona. Watalii wanakuja wiki moja wanamwona. Nikimpata huyo, naondoka roho safi."

"Si usubiri kiangazi, mvua ikate?"

"Kiangazi nitakuwa nimekaa kwa binti yangu natazama jirani akikata majani."

Akanionyesha picha kitabuni. Tumbo jekundu kama kanga mpya, mgongo wa kijani, mkia mrefu una mistari kwa chini. Kazi yake kubwa ni kukaa kimya kwenye tawi bila kujitikisa, na kumpa mgongo kila anayemtafuta. Nikasema huyu basi ni bi harusi, anafichwa ndani. Kirit akakasirika, eti mwenye rangi hizo ni dume. Nikamwambia sijali, kwangu ni Bi Harusi, na jina likamkaa.

"Macho yangu yamechoka," akasema. "Yako yametunga uzi kwenye sindano maisha yote. Njoo unisaidie."

Nikakubali. Ndege simjui hata yule anayelia dirishani kwangu. Nilikubali kwa sababu sikujua namna nyingine ya kumuaga.

Jumamosi, saa kumi na moja na nusu alfajiri, niliondoka nyumbani Kisongo kwa bodaboda, mvua ikininyeshea mgongoni. Nilivaa viatu vyangu vya kanisani, kwa kuwa mke wangu alisema mtu haendi kwa watu na malapa. Nilipofika mjini kwa Kirit vilikuwa vimelowa chapachapa, vikilia kwa kila hatua. Nikamkuta mlangoni na koti la mvua la bluu, gambuti mpaka magotini, darubini, mwavuli na lile kopo la samli.

"Unakwenda ubatizo?" akaniuliza akitazama miguu yangu.

"Nakwenda kwenye harusi," nikamjibu.

Saa mbili tulikuwa Tengeru, tukasimamisha kigari chake sokoni ninunue gambuti. Ilikuwa siku ya soko na tope lilikuwa zito, lakini watu wa Tengeru hawaahirishi soko kwa sababu ya mvua. Ndizi zilikuwa zimepangwa juu ya magunia na kina mama wamekaa chini ya miavuli wakipatana bei kwa sauti. Muuza viatu akanitafutia gambuti za saizi yangu. Alipata mbili nzuri sana, zote za mguu wa kushoto.

"Utazizoea, baba," akaniambia bila aibu. "Mnakwenda shamba?"

"Tunakwenda kuangalia ndege."

"Wanakula mazao?"

"Hapana. Tunawaangalia tu."

"Mkishawaangalia?"

"Huyu mwenzangu anawaandika."

"Halafu?"

Nikamgeukia Kirit ajibu. Kirit akasafisha darubini yake. Muuza viatu akatuhurumia, nadhani, maana alifukua tena gunia lake na akanipatia mguu wa kulia uliopungua saizi moja. Nilitembea nao safari nzima, na kidole changu kikubwa bado kina habari zake.

Saa tatu na nusu tulifika Akheri. Barabara ya kupanda ilikuwa imegeuka uji, na kigari kikapanda kwa ubavu ubavu mpaka kikakataa kabisa karibu na mgomba mmoja. Tukakiacha hapo na kumalizia kwa miguu hadi kwa mwenyeji wetu, Mama Anaeli. Ni mjane anayetuzidi miaka kadhaa, ana ng'ombe watatu na shamba la kahawa na migomba linalopakana na msitu. Alikuwa mteja wa Kirit tangu siku anaezeka nyumba.

"Shikamoo, Mama," tukasema wote wawili.

"Marahaba. Karibuni, mmelowa kama vifaranga! Kirit, sikiliza mabati yako. Miaka yote hii hayajavuja hata tone."

"Mama, nilikuambia geji nene."

"Uliniambia. Kaeni sasa, chai iko tayari, na loshoro inakuja."

Loshoro ya Umeruni, kwa msioijua, ni mahindi yaliyopikwa yakachanganywa na maziwa ya mgando. Kirit hali nyama, na Mama Anaeli alikuwa amelikumbuka hilo tangu jana yake. Hapo ndipo tulipokosea. Kirit alitazama juu, akaona mvua imepungua, akasema, "Mama, tukirudi tutakula. Saa hizi ndege wanaanza kulia. Tunapanda msituni mara moja."

Mama Anaeli akasimama na birika mkononi. "Hata kukaa?"

"Hata kukaa, Mama. Tuna haraka."

"Haya," akasema. "Nendeni."

Ninyi mnaijua hiyo "haya". Mimi niliijua pia, maana mama yetu alikuwa nayo. Kwa Wameru, kama kwetu, mgeni haulizwi kilichomleta mpaka amekaa, amekula, amepumua. Akikataa kukaa, basi na abaki na safari yake mwenyewe. Ningepaswa kumvuta Kirit koti tukae. Sikumvuta, kwa sababu alikuwa ameshafungua mwavuli na kushuka barazani.

Saa tano tulikuwa ukingoni mwa msitu, kwenye korongo lenye kijito. Ukungu ulishuka mpaka miti ikabaki mashina tu. Kirit akanipanga kama kocha. Mimi nikae upande huu wa korongo, chini ya mti mkubwa, nitumbue macho. Yeye avuke ng'ambo. Kwenye simu yake alikuwa na sauti ya Bi Harusi iliyorekodiwa. Angeipiga kidogo, na ndege akiwa karibu angejibu na kusogea, akidhani mwenzake amemwingilia nyumbani. Sauti yenyewe ni kama ya kijibwa kilichofungiwa nje: yau, yau, yau, yau.

"Wewe usifanye chochote," akasema. "Tazama tu."

Nikatazama. Nikatazama nusu saa nzima. Maji yaliingia kwenye kola, yakashuka, yakatokea kwenye gambuti ya kushoto iliyokuwa na nafasi. Nikamfikiria Kirit huko ng'ambo, mzee mzima na magoti yake mabovu, siku zake Arusha zinahesabika, na ndege mwenyewe hana hata adabu ya kujitokeza. Roho ikaniuma. Ndipo nikakumbuka kwamba ile sauti alinitumia hata mimi kwenye simu, wiki mbili nyuma, niizoee. Nikasema moyoni, ngoja nimsaidie mwenzangu kidogo. Nikaitoa simu chini ya koti, nikapiga.

Yau, yau, yau, yau.

Kimya. Halafu, ng'ambo ya korongo: yau, yau, yau, yau!

Jamani! Moyo ulinipasuka. Nimeshona nguo za maharusi wangapi maishani, lakini Bi Harusi kuniitikia mimi mwenyewe, ilikuwa mara ya kwanza. Nikapiga tena. Akajibu tena, tena safari hii karibu zaidi. Nikasahau maji, nikasahau kidole, nikapiga magoti na kuanza kutambaa kuelekea kwenye sauti. Kila nikisogea hatua mbili nasimama, napiga. Yeye anajibu. Nikapita kwenye majani yenye miiba, nikateleza kijitoni, nikainuka na tope mpaka kwenye masharubu. Saa nzima tuliitana hivyo. Nilishaanza kupanga maneno ya kumwambia Kirit: usihangaike, bwana, nimekushikia, njoo uandike.

Sauti ikatoka nyuma ya kichaka kimoja, mkono tu kutoka usoni kwangu. Nikayasogeza majani taratibu, bila kupumua.

Bi Harusi alikuwa amevaa koti la mvua la bluu. Alikuwa na ndevu nyeupe, yuko kwa magoti na viwiko, simu mkononi.

Tulitazamana. Simu yake ikalia yau. Ya kwangu, kwa kuwa kidole kilikuwa kimeshagusa, ikamjibu.

"Fundi," Kirit akasema, "nilikuambia usifanye chochote."

"Nilikuwa nakusaidia."

"Nilikuwa namwandika! Nimeshaandika tarehe!" Akanionyesha daftari. Kweli, tarehe ilikuwepo, na mahali, na nafasi ya jina imeachwa wazi. Nilicheka, naye akacheka mpaka akakaa kwenye tope, na tulipomaliza kucheka mvua ikaanza upya kana kwamba ilikuwa inatusubiri. Msitu wote ule ulikuwa umenyamaza. Ndege yeyote mwenye akili alikuwa ameshahama mtaa.

Saa tisa tulirudi kwa Mama Anaeli. Safari hii tulikaa bila kuambiwa. Tulikula loshoro, tukaongezwa, tukala tena. Alipoona tumelegea kwenye viti ndipo akauliza, kwa upole wote, "Eh, wanangu. Kitu gani kilichowapandisha huko na mvua yote hii?"

Kirit akamweleza. Akafungua kitabu, akamwonyesha picha.

Mama Anaeli akavaa miwani, akaitazama picha, akatutazama sisi. "Huyu? Huyu si anakaa kwenye mparachichi wangu, nyuma ya banda la ng'ombe! Mvua ikikatika asubuhi yupo pale, anakula viwavi."

"Mama!" Kirit akapiga ukelele. "Mbona hukutuambia?"

"Niwaambie nini, na ninyi mlisema mna haraka?" Halafu akaanza kucheka, bega moja likipanda na kushuka. "Kumbe zile kelele za mbwa kule korongoni mlikuwa ninyi. Nikasema maskini, mbwa wawili wamepotezana."

Usiku ule mvua ilipiga mabati ya geji nene mpaka hatukuweza kuzungumza. Afadhali. Kirit alikuwa amekaa na daftari lake magotini, akifungua kurasa za zamani, na mimi sikuwa na utani wowote uliobaki.

Jumapili, saa moja asubuhi, mvua ilikatika kama bomba lililofungwa. Mlima Meru ukaonekana wote, mweusi na safi. Tulikuwa barazani tunakunywa chai, Kirit amekaa akiupa mgongo upande wa banda la ng'ombe, darubini shingoni. Na hapo, hatua kama ishirini tu kutoka kwetu, ikasikika: yau, yau, yau, yau. Nikatazama simu yangu kwanza. Ilikuwa imezimwa.

Mama Anaeli akanong'ona, "Huyo kaja."

Nikasimama. "Kirit! Twende!"

"Ngoja nimalize chai," akasema.

"Chai gani! Miaka arobaini, bwana! Inuka!"

"Tangulia wewe, Fundi. Ya moto hii." Akakipuliza kikombe.

Nikadhani ni magoti, au ni woga wa kumkosa tena. Nikatangulia peke yangu, nikizunguka banda polepole, nimeshika gambuti mkononi zisilie. Na nikamwona. Nilimwona vizuri, kwa muda wa kutosha kutunga uzi kwenye sindano mara kumi. Nilirudi mbio miguu mitupu kumchukua Kirit hata kwa kumbeba mgongoni.

Alikuwa amekaa vile vile. Kikombe kilikuwa juu ya meza, kimeshaoshwa, kimefunikwa.

"Umemwona?" akaniuliza.

"Nimemwona! Bado yupo, twende!"

"Vizuri?"

"Vizuri kabisa. Kirit, una nini wewe?"

"Basi usiniambie kitu," akasema. "Neno hata moja." Na hakugeuka. Ndege akalia mara mbili tatu, kisha tukasikia mabawa, kisha ng'ombe tu wakitafuna.

Saa nne tuliaga. Nilikuwa nimekasirika, siwafichi. Mtu ananilowesha siku nzima, kidole kimevimba, halafu anashindwa kugeuza shingo! Kirit akavua gambuti zake, akaziosha kwenye ndoo, akaziweka barazani ukutani, akavaa malapa.

"Unaziacha?" Mama Anaeli akauliza. "Nimgawie mtu?"

"Usimgawie mtu, Mama."

Vijana wa jirani wakatusukuma kigari kutoka topeni, na tukateremka mpaka Tengeru. Pale, karibu na lami, ndipo nilipolipuka. Nikamwambia yote niliyokuwa nayo kifuani. Akaniacha nimalize. Akasimamisha gari pembeni.

"Tangu jana usiku nimelipekua daftari lile," akasema. "Kila ndege wa hapa nimeshamwandika. Watoto wangu wanasema, baba, utakwenda kutembea Arusha, utarudi. Lakini duka sina. Nyumba sina. Mke wangu hayupo. Nikimwona na huyu, Fundi, nimemaliza. Mtu aliyemaliza anarudi kufanya nini?"

Hasira ilinitoka yote. Nilimwambia tu awashe gari, tunaziba njia. Akawasha. Tulifika mjini tukizungumzia bei ya ndizi.

Leo ni wiki ya sita tangu aondoke. Ndugu zangu mnaniuliza nimejifunza nini, na kama nilichojifunza kinafaa kuvaliwa gambuti za saizi mbili. Nimejifunza kunywa chai ya mwenyeji kabla sijapanda popote. Nimejifunza kwamba nilikuwa na rafiki kupitia dirishani miaka thelathini na moja, na sikujua nitaumia hivi dirisha likiwa na mtu mwingine. Na siku hizi, ndiyo, namtazama yule anayelia dirishani kwangu Kisongo. Ni wa njano. Mchekeni mnavyotaka.

Kirit mwenyewe wiki mbili za kwanza hakugusia habari hizo. Wiki ya tatu ukaja ujumbe wa sauti: "Fundi, ule mkia. Alikuwa ameuning'iniza, au ameunyoosha? Hilo tu." Nikakumbuka alivyosema, neno hata moja. Wiki ya nne: "Alikuwa anatazama upande gani?" Wiki ya tano alinibembeleza mpaka kwa jina la marehemu baba yangu. Jumapili iliyopita akapiga kabisa, na nyuma yake nikasikia jirani akikata majani. "Sheria naibadilisha," akasema. "Ukinieleza vizuri, nitamwandika."

Sikumjibu. Nilikwenda Akheri, nikakaa, nikala loshoro, nikapiga picha moja nikamtumia. Ni gambuti zake, kavu, zimepanguswa vumbi. Mama Anaeli alikuwa amezigeuza zitazame mparachichi.